Kinachovunjika si Ushanga: Uzoefu Wangu wa Kutengeneza Bangili za Waya Nyumbani

Kwa muda mrefu sasa watu wanaonifahamu wamekuwa wakiniletea bangili zilizoharibika, chache zikiwa kazi ya mikono yangu na nyingi zikiwa zimenunuliwa au kutengenezwa na wengine, na karibu zote huja na ugonjwa uleule. Shanga zake ni nzima. Kilichoachia ni mwisho wa waya: kitanzi kimefunguka, kulabu imekatika shingoni, au pete ndogo inayounganisha pande mbili imepanuka kiasi cha kupitisha kile ilichopaswa kukishika. Kazi hiyo ya ukarabati imenielimisha kuliko shanga zote nilizowahi kutunga, kwa sababu imenionyesha kwamba mtu anayeketi nyumbani kutengeneza bangili anaweza kutumia saa nzima akichagua rangi na kupanga mfuatano, kisha akamalizia kwa dakika mbili sehemu ambayo ndiyo itakayobeba mvuto wote. Nitakayoyaeleza hapa yameelemea upande wa waya kwa sababu hiyo; rangi naziachia macho ya kila mtu.

Nianze na unene, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Waya wa mapambo huuzwa ama kwa milimita ama kwa namba, na namba hizo huenda kinyume, yaani zinavyopanda ndivyo waya unavyozidi kuwa mwembamba. Kwa kipimo cha Kimarekani, namba 18 ni takriban milimita 1.02, namba 20 ni 0.81, namba 24 ni 0.51 na namba 28 ni 0.32. Kwa kipimo cha Kiingereza, namba 20 hiyohiyo ni milimita 0.91, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya waya ulioteleza vizuri ndani ya shanga mara iliyopita ugome kabisa safari hii. Ndiyo maana siku hizi sihangaiki na namba. Nasoma milimita tu. Shanga ndogo za kioo nazo zina namba zao za kinyume: ushanga wa 11/0 una kipenyo cha milimita 2 na kidogo, wa 8/0 kama 3, na wa 6/0 kama 4.

Kwa bangili ya mstari mmoja yenye shanga za milimita 6 au 8, waya wa milimita 0.8 hunitosha kwa kila kitu, kuanzia uti wa bangili hadi kulabu yake. Kwa shanga ndogo nashuka hadi 0.5 au 0.6, kwa kuwa waya wa 0.8 hukwama katika matundu ya shanga nyingi za 11/0, na anayeulazimisha hupasua kioo. Waya wa 0.3 nauweka kwa kazi ya kuzungushia shanga juu ya fremu iliyokwisha kushika umbo, kwani peke yake hauwezi kuvumilia mkono unaosogea kutwa. Kabla sijanunua shanga za mawe au lulu hupitisha waya katika kadhaa kati yake, kwa sababu matundu ya pakiti moja hayalingani, na lulu hasa hutobolewa matundu madogo kwa makusudi: zinauzwa kwa uzito, na kila chembe inayotolewa ni hasara kwa muuzaji.

Metali yenyewe ni suala la tabia kuliko la uzuri. Shaba nyekundu ni laini na inasamehe. Shaba ya njano ni ngumu kidogo na hurudi nyuma baada ya kukunjwa, hivyo lazima uikunje kupita kiasi unachotaka. Alumini ni nyepesi na huja kwa rangi nyingi, lakini ikiwa nyembamba haishiki umbo, na kulabu ya alumini hunyooka kwa kuvutwa mara chache. Chuma cha pua hakipati kutu kirahisi, ila huchosha vidole na kuharibu vifaa vyepesi. Anayeanza namshauri achukue shaba nyekundu. Inaweza hata kupatikana bure, katika vipande vya waya wa umeme vilivyobaki baada ya ujenzi, mradi uwe ule wenye uzi mmoja mnene ndani na si ule wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya unaoandikwa milimita za mraba 1.5 una kipenyo cha takriban milimita 1.4, ambao ni mnene mno kwa shanga ndogo lakini unafaa sana kuwa fremu ya bangili ngumu inayozungushiwa shanga kwa waya mwembamba. Ganda lake la plastiki hutolewa kwa kisu, kwa kuchanja kwa urefu na kubandua. Wapo wanaolichoma ili kuokoa muda, jambo ambalo silikubali hata kidogo: plastiki hiyo ina klorini, na moshi wake ni wa sumu, achilia mbali masizi yanayobaki kwenye shaba.

Sasa nifikie jambo ambalo naliona ndilo kiini cha kazi yote. Chukua kipande cha shaba chenye urefu wa kidole, kikunje katikati, kikunjue, kisha kikunje tena palepale. Mara ya kwanza kinatii bila ubishi. Mara ya pili vidole vinahisi ukinzani, na ukiangalia vizuri utaona kwamba hakikubali tena kunyooka pale kilipokunjwa, bali kinapinda pembeni mwa lile kunjo la kwanza na kuacha kinundu. Endelea, na baada ya muda uso wa waya katika sehemu ile unapoteza mng'ao, unakuwa na mikwaruzo midogo kama ngozi iliyokauka, halafu unakatika bila kelele. Kilichotokea ni kwamba kila kunjo limevuruga mpangilio wa ndani wa metali, na mivurugo hiyo imezuiana yenyewe kwa yenyewe hadi waya ukawa mgumu, kisha mkavu, kisha ukavunjika.

Ugumu huo si adui. Ndio unaoifanya kulabu ibaki kulabu, na fundi mwenye nyundo ndogo huigongagonga kidogo juu ya chuma bapa kwa makusudi ili iukubali ugumu huo kabla ya kuvaliwa. Tatizo ni kuutumia mapema. Mtu anayekunja kitanzi, asipopendezwa nacho akakinyoosha, kisha akakikunja upya, ameshatumia sehemu kubwa ya uhai wa waya ule kabla bangili haijagusa mkono wa mtu, na hakuna jicho linaloweza kuliona hilo. Bangili nyingi zinazokatika shingoni mwa kulabu, kwa maoni yangu, hazikuvunjwa na mvaaji; zilivunjika mezani, na mvaaji alimalizia tu. Kwa hiyo kitanzi kikikataa hukikata na kuanza upya kwa waya mpya, na kwa ajili hiyo kila waya huukata ukiwa na sentimita tano hivi za ziada kila upande. Vivyo hivyo katika ukarabati: sikunjui kitanzi cha zamani nikakikunja tena, bali nazitoa shanga zote, nazisafisha, na kuzitunga katika waya mpya, kazi ambayo ni ya haraka kuliko watu wanavyodhani. Shaba iliyokwisha kuwa ngumu inaweza kulainishwa tena kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu iliyofifia na kuizamisha majini, kwani tofauti na chuma, shaba haigumui kwa kupozwa ghafla. Lakini waya wa nusu milimita chini ya moto mkali huyeyuka kabla hujautoa, na kwa bei yake sioni sababu ya kuwasha moto.

Vifaa ni vichache. Unahitaji koleo la ncha mviringo, koleo la ncha bapa lisilo na meno ndani, kikata waya, na tupa ndogo au kipande cha msasa laini. Plaizi ya kawaida ya fundi umeme inaweza kukata, lakini meno yake huacha alama kwenye waya, na kila alama ni mahali ambapo mpasuko unaweza kuanzia. Ukiwa nayo hiyo pekee, ifunge ncha zake kwa tepu. Kikata waya kina upande bapa na upande wenye mfinyo, na upande bapa ndio unaoelekezwa kwenye bangili ili ncha inayobaki iwe butu. Kipande kinachokatwa huruka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuikwepa, hivyo hukishika kwa kidole au huelekeza kazi ndani ya boksi, na miwani ninaivaa hata ninapokata kipande kimoja tu.

Kitanzi cha kawaida, kile ambacho waya unazungushwa mara moja tu, kina siri moja ambayo ni kukunja kabla ya kuzungusha. Baada ya ushanga wa mwisho, waya hukunjwa kwa pembe mraba ukiwa umegusa ushanga, unaachwa sentimita moja hivi, kisha ncha ya waya inashikwa kwa koleo la ncha mviringo na kuviringishwa kurudi upande wa pili wa ushanga. Sentimita moja haikuchaguliwa kwa bahati: kitanzi chenye upana wa milimita 3 kina mzingo wa milimita 9 na ushee, kwa hiyo waya huo unajaa duara bila kuacha pengo wala kuzidi. Ukiacha ile pembe mraba ya mwanzo, duara hukaa upande mmoja wa ushanga badala ya kukaa juu yake, bangili inavutika kwa mshazari, na mvuto wa mshazari ndio unaofungua vitanzi. Kwa kuwa ncha za koleo ni nene chini na nyembamba juu, kila kitanzi kitatoka na ukubwa wake usipoweka alama. Mimi huchora mstari kwa kalamu ya wino mzito juu ya koleo na kushika waya palepale kila mara.

Hata hivyo, kwa mwisho wa bangili, pale penye kulabu, kitanzi cha kawaida sikitumii tena. Hapo huweka kitanzi cha kuzungushia, ambacho huacha shingo fupi kati ya ushanga na duara, na ile ncha ya waya iliyobaki inazungushwa shingoni mara mbili au tatu hadi ifikie ushanga. Kinahitaji waya wa sentimita tatu au nne, mikono miwili yenye subira, na kumbukumbu kwamba chochote kitakachoning'inia ndani ya duara, iwe kulabu au pete, lazima kitiwe kabla ya kuzungusha, kwa sababu baadaye hakiingii. Faida yake ni kwamba hakina mdomo wa kufunguka: ili kiachie, waya wenyewe lazima ukatike. Ncha ya mwisho inakatwa karibu kabisa na shingo na kubanwa ndani kwa koleo bapa. Kisha unaipitisha bangili juu ya kitambaa chembamba kama soksi ya nailoni, ukiivuta taratibu kila upande, na pale kitambaa kitakapokwama ndipo tupa inapohitajika. Kidole hakitoshi kwa kipimo hiki, kwa kuwa ngozi ya kidole cha anayeshinda na waya imeshakuwa sugu.

Zile pete ndogo za kuunganishia zimeniletea kazi nyingi za ukarabati kuliko kitu kingine chochote, na sababu ni moja: namna zinavyofunguliwa. Watu huzipanua kwa kuvuta ncha mbili kulia na kushoto, na pete ikishapoteza duara lake haifungi tena barabara. Pete hufunguliwa kwa kusogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama mlango unaoachama kidogo, na kufungwa kwa kurudisha njia ileile, ukizipitisha ncha kidogo kupita mahali pake halafu ukazirudisha hadi uhisi zinasuguana. Msuguano huo ndio ushahidi kwamba pengo limekwisha. Pengo linaloonekana kwa macho kama uzi mwembamba linatosha kupitisha waya wa 0.4, na bangili itadondoka mahali ambapo mwenyewe hatapakumbuka.

Kipimo cha mkono kinaonekana chepesi hadi pale bangili inapogoma kufunga. Mtu anapima kifundo cha mkono, anapata sentimita 16, anatunga shanga za sentimita 16 na kitu kidogo, kisha anashangaa kwamba ncha hazikutani, wakati futi yake haikudanganya. Urefu wa shanga zilizolazwa mezani ni urefu wa mstari unaopita katikati ya matundu, ilhali mkono unagusana na upande wa ndani wa shanga, ambao ukishakunjwa kuwa duara huwa mfupi zaidi. Upungufu huo una hesabu yake, nayo ni kuzidisha kipenyo cha ushanga kwa 3.14. Shanga za milimita 8 hula milimita 25 hivi, za milimita 4 hula kati ya 12 na 13, na zile za 11/0 hula 6 au 7. Juu ya hapo huongeza sentimita moja ili bangili icheze. Mkono uleule wa sentimita 16, basi, unataka bangili ya sentimita 19.5 kwa shanga za milimita 8, lakini chini ya sentimita 18 kwa shanga ndogo, na urefu huo ni pamoja na kulabu na kitanzi chake. Vikichukua sentimita 2.5, zinabaki 17, yaani shanga 21 za milimita 8. Tangu nianze kuandika hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kukata waya, suala la bangili kubana limekwisha mezani kwangu.

Tena shanga zisibanwe. Mstari ulionyooka ambao hauna hata nafasi ya milimita moja utakakamaa ukikunjwa, hasa kwa shanga zenye ncha bapa zinazokutana kwa ukingo wa ndani, na waya utavutwa na vitanzi vya pande zote mbili tangu siku ya kwanza. Milimita moja au mbili za uwazi zikiwa mezani hupotea zenyewe bangili ikishavaliwa.

Kuhusu shanga sina mengi. Za Kicheki zina tofauti ndogo za unene kati ya moja na nyingine, za Kijapani zinalingana zaidi, na kwa bangili ya waya tofauti hiyo si hoja kubwa. Ninazipenda za Kicheki kwa kuwa ule ulegevu wa mpangilio unaipa kazi ya mkono sura ya kazi ya mkono. Ninachokataa ni ushanga wenye tundu lililomeguka ukingoni, maana kioo kile hukwaruza waya kila mkono unaposogea. Zenye rangi ya kupakwa huzifunga katika kitambaa cheupe chenye maji usiku kucha, na zikiacha rangi kwenye kitambaa zitaiacha na kwenye nguo. Meza huitandika kitambaa chenye vinyweleo ili zisiviringike. Shanga na vipande vya waya visibaki mahali ambapo mtoto chini ya miaka 3 anaweza kuvifikia.

Upo pia waya wa chuma kigumu unaouzwa ukiwa umejiviringisha kama springi, ambao hauhitaji kulabu kwa sababu unajizungusha wenyewe mkononi mizunguko miwili au mitatu. Wengi huuona kuwa wa kitoto. Mimi nimeuheshimu tangu nilipoona wazee wenye vidole vigumu, ambao kulabu ni mateso kwao, wakiuvaa na kuuvua bila kuomba msaada. Haukatiki kwa kuvaliwa, na kasoro yake ni kwamba mtu akiupanua kwa nguvu kupita kiasi haurudi. Usiukate kwa kikata waya cha kawaida, kwani utakiachia pengo kwenye makali. Ushike kwa koleo mbili na kuupinda huku na huku hadi ukatike, ile tabia ya metali iliyovunja kulabu ikitumika safari hii kwa faida. Ncha zake hukunjwa vitanzi vidogo ili shanga zisitoke na ncha isichome.

Mwisho kuna ngozi ya mvaaji. Shaba nyekundu ikikutana na jasho huacha rangi ya kijani mkononi, ambayo huwatisha watu lakini hutoka kwa maji na sabuni. Waya wenyewe ukiwa wa kahawia, siki yenye chumvi kidogo huurudishia rangi yake, mradi uusuuze na kuukausha vizuri baadaye, na isipakwe kwenye lulu, kwa kuwa asidi huila. Nikeli ni jambo zito zaidi. Ndiyo metali inayoongoza kwa kusababisha mzio wa ngozi kwa kugusana, nayo hupatikana katika nyaya na pete nyingi za bei nafuu zilizopakwa rangi ya fedha. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa vitu vinavyogusana na ngozi kwa muda mrefu: visiachie zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Dalili zake ni muwasho na vipele vinavyofuata mstari wa bangili, na anayezipata huendelea kuzipata kila akigusa nikeli. Kwa sababu hiyo siitoi bangili bila kumwambia mpokeaji waya uliomo ni wa metali gani, na kwa aliyewahi kuwashwa na kifungo cha suruali au mkanda wa saa hutumia shaba isiyopakwa chochote, au niobi, ambayo ni ghali zaidi lakini ni laini kukunja na haina nikeli. Pete za kuunganishia na kulabu nazo ziwe za metali hiyohiyo, kwani haina maana kubadilisha uti mzima wa bangili kisha ukaifunga kwa pete ileile iliyomwasha.